Kutoa kutu kwenye vipuri vya gari la zamani kabla ya kupiga kromu au zinki upya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanyika yenyewe. Watu wanakuja uani kwangu Tabata, Dar es Salaam, na kiroba cha vipuri vya mkweche wa baba au babu, Land Rover, Peugeot 504, Corolla za miaka ya sabini, na kabla hata kiroba hakijagusa chini wameshauliza yaleyale. Nimeyaandika ili nisirudie kila Jumamosi. Kazi yangu ni kutoa kutu na kuandaa chuma. Kromu na zinki wanapiga wengine, kwa umeme ndani ya tangi la dawa.

Fundi wa kromu si ana tangi la asidi? Kwa nini nihangaike mimi?

Analo, na ukimwachia atakichovya humo. Ila tangi lile limewekwa kwa ajili ya kuondoa utando wa mwisho, si magamba ya miaka thelathini. Kipuri kikikaa humo mpaka magamba yaishe, asidi inakuwa imeshakula na chuma kizima cha pembeni. Pili ni fedha. Kinachopandisha bei ni saa za kusugua na kupolishi. Kromu yenyewe ni kidogo sana. Tabaka la kromu juu ya bampa halifiki hata maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), mara nyingi ni kati ya 0.25 na 0.5. Kinachobeba mng'aro ni nikeli iliyo chini yake, nayo ni maikroni kumi na kitu hadi thelathini au zaidi kidogo. Unywele wa kichwa una kama 70. Kwa unene huo hakuna shimo wala mkwaruzo utakaozibwa, na kutu iliyobaki chini haifungiwi ndani. Itainua kromu kama ganda la kitunguu.

Nitajuaje kama kipuri changu ni chuma kweli?

Chukua sumaku ya spika mbovu. Ikinata, ni chuma, endelea kusoma. Isiponata, simama hapo hapo.

Vitasa vya milango, nembo, fremu za taa na vikofia vya tangi la mafuta kwenye magari mengi ya zamani ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Vinaonekana kama chuma kwa sababu vimepigwa kromu, lakini dalili za ugonjwa wake ni tofauti: havitoi kutu nyekundu, vinaota vipele, na ukikitumbua kipele unakuta unga mweupe. Ukitumbukiza kitasa kama hicho kwenye asidi, hata siki, kitachemka povu na kuliwa. Aluminiamu nayo haitaki asidi wala magadi. Hivi vyote mpelekee fundi wa kromu kama vilivyo, na mwambie mapema, kwa sababu dawa zake kwa vitu hivyo ni nyingine.

Na kama ni bolti au kibano chenye rangi ya dhahabu iliyofifia kutoka gari la Uingereza au Marekani la kabla ya miaka ya themanini, usikipige msasa mkavu. Huenda ni kadimiamu, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu na figo. Kwa macho huwezi kuitofautisha na zinki ya njano, kwa hiyo ichukulie kuwa ni kadimiamu.

Kromu ya zamani bado imeshika sehemu kubwa. Niitoe kwanza?

Hapana. Fundi huitoa kwa kugeuza umeme kwenye tangi la kostiki, yaani soda kali, na maji yanayobaki yana kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Si kazi ya ndoo ya nyumbani. Wewe shughulika na upande wa nyuma wa bampa. Kromu ni mvivu kuingia kwenye kona na mabonde, umeme haufiki huko sawasawa, kwa hiyo nyuma ndiko kutu ilikoanzia na ndiko itakakoanzia tena. Paka siki au sitriki kwa kitambaa, sugua kwa brashi ya waya, suuza, basi.

Siki, ndimu, sitriki, molasi: ipi bora?

Zote zinafanya kazi. Tofauti ni muda, bei na harufu.

Siki ya dukani ina asidi ya asilimia nne au tano. Kwa nati na bolti chache inatosha: zikae usiku kucha, asubuhi sugua, ukiona bado rudisha. Kwa kipuri kikubwa ni ghali.

Ndimu nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu kila mtu wa pwani amewahi kumwona bibi akisugua sinia la shaba kwa ndimu na majivu likawaka kama jua. Asidi iliyomo kwenye ndimu ndiyo hiyohiyo sitriki. Lakini ndimu moja ikikamuliwa vizuri inatoa mililita 30 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita kumi ingetaka ndimu mia tatu na ushee. Nunua sitriki ya unga. Wauzaji wa mahitaji ya keki, juisi na sabuni Kariakoo wanayo, inafanana na sukari. Gramu 100 kwa lita moja ya maji, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo ili iingie kwenye mikunjo, na maji yakiwa ya uvuguvugu inakwenda haraka zaidi. Mimi huweka asubuhi na kutazama kila baada ya saa mbili. Usiiache siku mbili, maana ikimaliza kutu haijui kwamba kazi imeisha. Inaanza kula chuma.

Molasi ndiyo ninayoipenda kwa kazi isiyo na haraka. Ni ile masalia meusi ya viwanda vya sukari, inauzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo. Kipimo kimoja cha molasi kwa vipimo tisa vya maji, kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, wiki moja hadi tatu. Inaikamata kutu na kukiacha chuma karibu kama kilivyo, ndiyo maana kipuri ukikisahau humo siku mbili tatu zaidi si msiba. Kasoro yake ni kuchacha. Kufikia siku ya tano pipa lina povu na harufu ya pombe iliyoharibika, na nzi wote wa mtaa wana habari. Jirani yangu aliwahi kunituma mtoto aulize kama nimeanza kupika gongo. Molasi nayo inakula aluminiamu, kwa hiyo sahau kabureta.

Kwa chochote katika hivyo, tumia ndoo ya plastiki. Masufuria yetu mengi ni aluminiamu.

Na Coca-Cola?

Ina asidi ya fosforiki kidogo sana. Inatoa kutu, polepole, halafu inakuachia sukari ya kusafisha. Kunywa.

Asidi ya choo au ya betri si ingemaliza kwa dakika kumi?

Ndiyo, na hapo ndipo tatizo lilipo. Asidi ya hidrokloriki, ile ya kusafishia vigae na vyoo, inaondoa kutu huku unaitazama. Lakini mvuke wake peke yake unatosha kuotesha kutu kwenye kila chombo cha chuma kilicho karibu. Niliwahi kuiacha wazi usiku mmoja, na spana zangu zote ukutani zilikuwa na rangi ya chungwa asubuhi. Halafu inaacha kloridi kwenye vinyweleo vya chuma, na kloridi ndiyo chakula cha kutu.

Asidi ya betri iliyotumika ina risasi ndani yake. Usiiguse kwa kazi hii.

Ukiamua kutumia asidi kali hata hivyo: glavu za mpira, miwani, uani penye upepo. Mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Usiichanganye na jiki, hata kwa kusuuzia ndoo iliyokuwa na jiki, maana inatoka gesi ya klorini. Na usiihifadhi kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Hilo la mwisho narudia kwa kila mtu mwenye watoto nyumbani.

Nimesikia kuna njia ya umeme na magadi. Inafanyaje?

Hii ndiyo ninayoitumia kwa vipuri vikubwa vya chuma, kwa sababu haili chuma kabisa. Ukiisahau mpaka kesho yake, kipuri kipo vilevile.

Unahitaji ndoo au pipa la plastiki, chaja ya betri ya volti 12, vipande vya chuma chakavu, na sodiamu kaboneti, ambayo watengeneza sabuni wanaiita soda ashi. Kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne za maji. Kipuri kining'inie kwa waya katikati, kisiguse kitu, na kifungwe kwenye hasi. Vyuma chakavu vizunguke pembeni, viunganishwe pamoja kwenye chanya. Ukikosea ukageuza, kipuri chako ndicho kitakacholiwa, kwa hiyo angalia mara mbili kabla ya kuwasha. Waya ukwangue mpaka ung'ae pale unaposhika kipuri. Kutu haipitishi umeme vizuri. Washa. Utaona viputo vidogo vikipanda kama soda iliyofunguliwa. Ampea mbili hadi tano zinatosha. Umeme huu unapenda kwenda njia iliyonyooka, upande usiotazamana na chuma chakavu hautasafika, ndiyo maana navizungushia vyuma pande zote nne.

Baada ya saa sita hadi ishirini na nne, kutegemea unene wa kutu, zima kwanza, halafu toa. Kipuri kitakuwa cheusi, na weusi huo unatoka kwa brashi na maji.

Kuna mambo manne watu wanakosea. La kwanza ni magadi ya jikoni, yale mawe ya kulainishia maharage. Ni ndugu wa soda ashi, lakini yametoka ziwani na chumvi ya kawaida yamekuja nayo, na udongo. Chumvi hiyo ikipata umeme inatoa klorini, na ikibaki kwenye kipuri inarudisha kutu. Ukikosa soda ashi, chukua soda ya kuokea ya dukani, ikaange kwenye kikaango kikavu cha chuma mpaka iache kufuka. Inageuka kuwa kaboneti. La pili ni kutumia kijiko au bomba la stenlesi upande wa chanya. Nalijua shauri hilo linatoka wapi, stenlesi haichafuki, lakini inayeyusha kromiamu ileile ya saratani niliyoitaja juu. Tumia nondo. La tatu ni kufanya hivi chumbani: viputo vile ni hidrojeni, vinataka cheche moja tu. Na la nne, chaja za kisasa hazitoi umeme mpaka zione betri, kwa hiyo wengi wanadhani chaja imekufa. Funga betri nzee sambamba na ndoo, itaanza.

Umeme ukikatika katikati?

Hakuna hasara. Maji ya soda ashi yenyewe yanazuia kutu kwa saa kadhaa, kipuri kiache humohumo, usikitoe kikae hewani kimelowa. Ukiwa umefunga betri sambamba, kazi inaendelea tu.

Kupiga mchanga kwa kompresa je?

Ni haraka na inafika kwenye kona. Kwa kipuri kitakachopigwa zinki, kama kibano au kishikizo, uso wa mchanga si mbaya. Kwa bampa la kromu, kumbuka kila punje inaacha alama, na alama hizo zote itabidi zisuguliwe tena mpaka uso uwe kioo. Bati jembamba linajikunja.

Uliza mchanga unatoka wapi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na fundi anayekupigia kwa mchanga huo anakuwekea kutu kwa presha ya kompresa. Na hata mchanga wa mtoni usio na chumvi, vumbi lake laini likiingia kwenye mapafu halitoki tena; kitambaa puani hakisaidii. Kama pana mtu anayetumia shanga za kioo au punje za chuma ndani ya kabati lililofungwa, mlipe hizo fedha za ziada.

Kuna dawa inayogeuza kutu kuwa nyeusi. Si nipake tu halafu nipeleke?

Dawa ile ina tanini. Ni kitu kilekile kilichomo kwenye majani ya chai na magome ya mikoko, yale yaliyokuwa yakisafirishwa zamani kutoka Rufiji kwa kutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na kutu inakuwa nyeusi na kutulia, na chini ya rangi ya kawaida inafaa. Kwa kromu au zinki haifai, kwa sababu inabaki kama ngozi juu ya chuma na umeme wa tangi unataka chuma kitupu. Ukishapaka, fundi itabidi aikwangue yote, na atakutoza. Vivyo hivyo puti: haipitishi umeme, kromu haishiki.

Bolti zote naweza kuchovya?

Angalia kichwani. Bolti zilizoandikwa 8.8 au chini ya hapo hazina shida. Zikiandikwa 10.9 au 12.9 ni chuma kigumu sana, na chuma kigumu kina udhaifu mmoja: asidi na umeme vinaingiza hidrojeni ndani yake, na hidrojeni hiyo inakifanya kiwe kama biskuti. Bolti inakazwa leo vizuri, kesho kutwa inakatika yenyewe bila mtu kuigusa. Tiba ipo. Ni kuioka kwenye nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi kwa saa nne au zaidi, ndani ya saa chache baada ya kutoka tangini. Muulize fundi kama ana oveni ya kazi hiyo. Akicheka, usimwachie bolti za usukani, za mikanda ya usalama, za breki wala springi yoyote. Hizo zisafishe kwa brashi ya waya na mafuta, au nunua mpya. Hapo sina msamaha. Ni maisha ya watu.

Kwa bolti zinazofaa, kumbuka nyuzi zake, yaani ile mistari inayozunguka ya skrubu. Zinki ya maikroni 8 inanenepesha kipenyo cha nyuzi kwa mara nne ya hapo, yaani 0.032 ya milimita, kwa sababu ya mteremko wa nyuzi. Ni kidogo, lakini bolti iliyokuwa inabana tayari haitaingia. Pitisha chombo cha kuchongea nyuzi kabla, si baada.

Nilitoa kutu jioni, kipuri kikawa cheupe kabisa. Asubuhi imerudi. Nimekosea wapi?

Hukukosea kwenye kutoa kutu. Ulikosea kwenye saa zilizofuata, na hapa Dar hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Chuma kilichotoka kwenye asidi hakina nguo. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 60 hivi, kutu inaanza kukimbia, na Dar inapita hapo karibu kila siku ya mwaka, acha masika. Ongeza chumvi ya bahari iliyomo hewani. Mtu wa Msasani au Kigamboni anapoteza kwa saa moja kile ambacho mtu wa Dodoma atakipoteza kwa siku nzima.

Mwaka wangu wa kwanza nilitoa kutu kwenye vishikizo vinne vya bampa la 504. Vilitoka vizuri mpaka nikavishika mkononi kumwonesha jirani, nikavifunga kwenye gazeti, nikapanda daladala kwenda mjini. Foleni ya Buguruni, jua la saa saba, vishikizo mapajani. Nilipofungua gazeti mbele ya fundi, vidole vyangu vilikuwa pale: vitano, rangi ya chungwa, mistari ya dole gumba unaihesabu. Jasho ni chumvi. Fundi hakusema kitu, alinionesha tu kwa kidole chake kilichovaa glavu, nikarudi navyo nyumbani.

Tangu siku hiyo nafanya hivi, na sibadilishi. Kipuri kikitoka kwenye asidi kinaingia moja kwa moja kwenye ndoo ya maji safi, halafu kwenye ndoo yenye vijiko viwili vya soda ya kuokea ili kuua asidi iliyobaki, nusu dakika, nikikitikisa. Vipuri vyenye mabati mawili yaliyobandikana navipa dakika kumi, kwa sababu asidi inajificha katikati na kutoka kivyake wiki mbili baadaye, chini ya kromu. Baada ya hapo maji ya moto, karibu ya kuchemka. Hapa kuna siri ndogo: chuma kikipata moto wa maji kinajikausha chenyewe kikitoka, kabla kutu haijapata nafasi. Mwisho kabisa namwagia maji ya betri, yale masafi yaliyochujwa, chupa moja inatosha vipuri vingi. Angalia lebo, maana wengine wanaita maji ya betri na asidi yenyewe kwa jina hilohilo. Sababu ya kutoyaamini maji ya bombani au kisimani kwa suuzo la mwisho ni kwamba visima vingi vya Dar vina chumvi, unaionja kwenye chai. Masika nakinga maji ya mvua. Ni mazuri na ni ya bure.

Kisha pangaboi, kasi ya juu, dakika kumi. Glavu mkononi kuanzia hapo mpaka kwa fundi.

Kama fundi anakupokea siku hiyohiyo, funga kwenye kitambaa kikavu na uondoke. Kama ni kesho, paka mafuta mepesi ya cherehani au ya mashine, yeye atayaosha. Usitumie grisi nzito, nta wala silikoni ya kung'arishia dashibodi. Silikoni haitoki kirahisi na kromu itakimbia pale ilipogusa. Weka kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usifunge kipuri chenye unyevu kwenye plastiki, kitatoka jasho humo ndani.

Ushauri wangu kwa anayevuka kivuko: toa kutu alfajiri, fika kwa fundi kabla ya saa nne. Tena mpigie kwanza uhakikishe tangi linafanya kazi siku hiyo.

Nitajuaje kwamba kipuri ni safi kweli?

Mwagia maji masafi, kisimamishe wima, tazama. Maji yakitanda kama karatasi moja bila kukatika kwa nusu dakika, uso ni safi. Yakijikunyata kuwa matone, au yakiacha kisiwa kikavu mahali, pale pana mafuta hata kama huyaoni. Ni kipimo cha bure na mafundi wa tangi wenyewe wanakitegemea. Fanya hivyo kabla ya kupaka mafuta ya kuhifadhi, bila shaka.

Kutu imetoka lakini imeacha vishimo. Sasa?

Sasa unajua hali halisi ya kipuri chako; kutu ilikuwa imekusitiri. Kwa zinki, vishimo si tatizo, vitaonekana kidogo na kazi itadumu. Kwa kromu una njia mbili. Vishimo vya juujuu vinasuguliwa kwa msasa, namba 180, 320, 600, mpaka viishe. Vya ndani zaidi fundi anavijaza kwa shaba: anachovya shaba nene, anasugua, anachovya tena, mpaka uso ulingane, ndipo nikeli na kromu. Ni kazi ya siku kadhaa na bei yake ni hiyo. Shimo lililotoboka upande wa pili linataka kuchomelewa kwanza.

Mimi humwambia mtu ukweli: bampa la Corolla lililoliwa hivyo, tafuta jingine kwa wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani. La gari ambalo halina mwenzake mjini, lipa.

Maji machafu nimwage wapi?

Si mtaroni. Mitaro ya Tabata, Buguruni na Vingunguti yote safari yake ni Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini. Siki au sitriki iliyokwisha kazi itie magadi kidogokidogo mpaka iache kutoa povu, iache itulie, maji ya juu yachanganye na maji mengi umwage chooni. Tope la chini likauke, ulifunge. Maji ya soda ashi yaliyotumika kwa chuma kitupu hayana madhara makubwa. Yakiwa na rangi ya njano au ya kijani uliyoshindwa kuieleza, ujue kuna nikeli au kromu imeingia. Yaweke kwenye dumu lililoandikwa na umuulize fundi wa tangi anayapeleka wapi ya kwake.

Nikifika kwa fundi nimwambie nini?

Mweleze umetumia nini kutoa kutu, kipuri ni cha chuma gani, na wapi pasiguswe: matundu ya bearing, sehemu inayokaa oilsili, nyuzi za ndani. Funga kila kipuri kwa waya wa shaba, viwili vitatu kwenye mshipi mmoja, usimpe kiroba kilichochanganyika. Piga picha ya vyote vikiwa vimepangwa chini kwenye gazeti, na mvihesabu mkiwa wawili. Nati ndogo huwa zinaanguka kwenye tangi, na tangi likishafika kiunoni mwa mtu hakuna atakayezama kukutafutia nati ya Land Rover.